Kabla ya nauli, uliza mwezi: safari ya siku moja kwenda Wasini

Mtu akinipigia simu kutaka kwenda kisiwani Wasini, huanza na bei. Mimi huanza na swali jingine: siku hiyo uliyoichagua, ni mwezi ngapi? Wengi hunijibu "mwezi wa nane", wakidhani naulizia Agosti. Hapo ndipo ninapojua kazi ninayo.

Naulizia mwezi wa angani, ule unaoandama. Nimekuwa baharia kabla sijawa kiongozi wa safari, na katika kazi zote mbili sijaona kitu kinachoiharibu siku ya mtu kisiwani kama kupanga safari kwa saa ya mkononi peke yake. Barabara ina foleni zake na feri ina vituko vyake, lakini hayo unaweza kuyakimbia ukiamka mapema. Maji yakishakupwa, hata uamke saa nane za usiku, yamekupwa.

Kwa wasioishi na bahari, niieleze kidogo. Kwetu pwani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo. Kesho yake yote haya huchelewa kwa kama dakika 50, kwa sababu wakati dunia inajizungusha mwezi nao unasogea, kwa hiyo dunia hulazimika kuufuata kidogo ndipo iufikie pale ulipokuwa jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, na hapo tunapata bamvu: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta kwake, maji huwa mafu. Yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, kama mtu asiye na haraka.

Sasa faida ya kuishi Mombasa ni hii: kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani sebuleni kwa shangazi yako, kwa kuwa hufuata mwezi wa angani, ni jedwali la maji, ukijua kuisoma. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, yaani siku ya kwanza na ya kumi na tano tangu mwezi uandame, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Bamvu lenyewe hasa hupiga siku moja au mbili baada ya hapo. Kutoka mwezi mosi, ongeza dakika 50 kwa kila siku. Ukifika mwezi wa saba au wa nane utakuta mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndiyo maji yamejaa, na kupwa kumehamia alasiri, ila ni maji mafu, hayaendi mbali. Hesabu hii haikupi dakika kamili. Kwa dakika kamili tazama jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Kwa kuchagua siku ya safari, kalenda ya shangazi inatosha kabisa.

Nilijifunza kuiheshimu hesabu hii kwa aibu. Niliwahi kuchukua kina mama wa chama kimoja kutoka Majengo, kumi na wanne, na mama mkwe wa mmoja wao, bibi wa makamo ya kutosha. Wao ndio walioniletea tarehe, Jumamosi, nami nikaikubali kwa sababu gari lilikuwa halina kazi siku ile. Ilikuwa mwezi kumi na sita. Tulichelewa kutoka, maana sufuria ya biriani haikuwa imeiva, tukafika upande wa Wasini saa nne na nusu. Nilikuwa nimepanga tushukie ufukweni badala ya gatini, ili wasipande ngazi. Mashua ikasota mchangani, ikakaa. Mbele yetu palikuwa na hatua kama mia za tope, mwani na mawe yenye makali ya wembe, na ufukwe uko kule, unatutazama.

Mabaharia wangu wawili walimbeba bibi juu ya kiti cha plastiki, buibui limekunjwa magotini, viatu vyake vya ngozi mkononi. Sufuria ikafuata kichwani mwa kijana wa tatu. Bibi hakusema neno njia nzima. Alipowekwa chini ya mbuyu, akajipangusa, akaniita karibu. "Mwanangu," akasema, "jana usiku mwezi hukuuona?"

Nilikuwa nimeuona. Ulikuwa mkubwa kama sinia.

Tuje kwenye siku yenyewe. Wasini ni kisiwa chembamba, urefu wake kama kilomita tano, kinatazamana na Shimoni katika kaunti ya Kwale. Hakina gari hata moja. Vijiji viwili vikubwa ni Wasini kwenyewe, upande wa magharibi, na Mkwiro upande wa mashariki. Nje yake, kuelekea bahari kuu, ndiko kuliko hifadhi ya Kisite na Mpunguti, inayolindwa tangu miaka ya 1970. Watu wengi wanataka vyote viwili kwa siku moja, kuogelea Kisite na kukaa Wasini, na inawezekana, ukipanga kipi kitangulie.

Siku ya bamvu, Kisite hutangulia, na hutangulia mapema. Ukiwa pale saa nne, fungu la mchanga limejitokeza, matumbawe yako karibu na uso wa maji, na hata asiyejua kuogelea sana anaona samaki kwa kuinamisha uso tu. Lakini usikae ukajisahau. Maji yanapogeuka huanza polepole, saa ya kwanza hayakushtui, halafu saa ya tatu na ya nne yanakimbia. Huo ndio wakati mtu mwenye miwani na mrija anainua kichwa na kukuta mashua imekuwa ndogo. Ukisharudi Wasini kula, saa nane au saa tisa, maji yanaingia, na ukiwa juu ya njia ya mbao ya bustani ya matumbawe unayaona yakijaa chini ya miguu yako.

Siku ya maji mafu hakuna fungu la kupigia picha. Badala yake mkondo ni mdogo na bahari mara nyingi ni safi zaidi, kwa kuwa haijakorogwa. Mwenye watoto, au mtu anayetia uso majini kwa mara ya kwanza, mimi humpeleka siku hizi bila kumuuliza. Fungu ataliona mwaka mwingine.

Iwe bamvu au maji mafu, bahari ya nje huendewa asubuhi. Upepo hupanda mchana, na pale unapokutana uso kwa uso na mkondo wa maji ndipo mawimbi yanaposimama wima. Mlango wa bahari kati ya Shimoni na Wasini umekingwa na kisiwa, kwa hiyo ukiwa pale unaweza kudanganyika kwamba kumetulia kote. Pita ncha ya kisiwa ndipo uongee. Msimu nao una neno: Kaskazi, Desemba hadi Machi, ndio wakati wa watu wengi na bahari tulivu. Kusi likishika, katikati ya mwaka, kuna siku za kukaa nyumbani. Mei na Juni mimi huipumzisha mashua na kuitia kalafati, yaani kuziba nyufa zake. Kusi likianza kulegea, mnamo Agosti na Septemba, huwa napenda kwenda, kwa sababu kisiwa kina wageni wachache na kwa bahati unaweza kuona nyangumi wakipita nje.

Mashua ikaguliwe kabla ya kulipa. Hesabu jaketi za kujiokolea, kisha hesabu vichwa, watoto nao wahesabiwe na wapewe za saizi yao. Uliza injini ikizima itakuwaje. Nahodha mzuri hukuonyesha injini ya pili au tanga, nahodha mbaya hucheka. Na umwambie mapema kwamba hutaki pomboo wakimbizwe. Wapo wa kutosha katika maji haya, na ukizima mwendo wakawa na nafasi, wao wenyewe husogea kukutazama. Mashua nne zikiwazunguka kwa kelele, wanazama, na wewe unarudi na picha ya povu.

Huko Kisite, kanuni ni chache: usisimame juu ya matumbawe, usiokote kombe wala chaza, usilishe samaki mkate. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe katika pwani yetu, na yaliyorudi yanakua kwa kiasi cha kucha. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa njia ya eCitizen, tovuti ya serikali, kwa hiyo kimalize ukiwa ungali na mtandao mzuri, na ubebe kitambulisho, maana bei ya raia na ya mgeni si moja. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020. Beba maji kwenye chupa ya bati au dumu.

Njia, kwa ufupi. Shimoni ni yapata kilomita 75 kusini mwa Likoni. Vukeni feri saa kumi na mbili asubuhi au kabla. Kwa mguu ni bure, gari hulipa. Anayetoka Miritini au Changamwe na gari lake apitie barabara ya Dongo Kundu asisumbukie feri. Kwa matatu, panda za kuelekea Lunga Lunga, shuka njia panda ya Shimoni, kisha bodaboda. Mahamri na mbaazi nunueni Likoni. Mkingoja mpaka Shimoni mtakula mkiwa na hasira.

Ukipata nusu saa Shimoni kabla ya kupanda chombo, ingia mapangoni. Jina la mji limetokana nayo. Ni mapango ya mawe ya matumbawe yenye kutokea baharini, na wenyeji wanayasimulia kuwa watu waliotekwa walifungiwa humo kungoja vyombo. Mimi huwaachia wenyeji wasimulie. Wanaoyaangalia ni wanakijiji wenyewe na kiingilio ni chao.

Wasini kwenyewe, sitaki kukujazia orodha. Nenda kwenye bustani ya matumbawe nyuma ya kijiji. Hayo ni matumbawe ya kale, yaliyokua zaidi ya miaka 100,000 iliyopita wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Bahari ikashuka, yakabaki nje, mvua na mawimbi yakayatafuna kiunoni hadi yakawa kama uyoga mkubwa wa kijivu, mengine marefu kuliko mtu. Kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao kupita katikati yake na kwenye mikoko, na ada unayolipa ni ya kikundi chao. Maji yakiwa nje unaona kaa wakikimbilia mashimo yao kwenye tope jeusi. Maji yakiingia, simama tu juu ya mbao usiongee. Utasikia kwanza mlio mdogo, kama mtu anayevuta supu, ni maji yanapenya kwenye mizizi ya mikoko. Baadaye tope linang'aa. Ukiangalia tena, mawe yamekuwa visiwa.

Wenyeji ni Wavumba, na Kivumba chao ukikisikiliza utakielewa nusu na kukifurahia chote. Hawa ni watu wa dola ya zamani ya Vumba, ambayo mtawala wake aliitwa Diwani. Kwa hiyo usifike kama umefika pwani ya hoteli. Kijiji ni cha Waislamu: vazi la kuogelea liishie mashuani, akina dada wajifunge leso, akina kaka wavae shati, na pombe isiingie. Ijumaa usitarajie kupakuliwa chakula saa saba. Watu wako msikitini. Ramadhani, chagua siku nyingine au kubali kushinda na njaa kwa adabu. Maji matamu kisiwani ni mali: kwa vizazi wamekunywa ya mvua waliyoyakinga kwenye mabirika, kwa hiyo usiombe ndoo ya kuosha mchanga miguuni.

Chakula kiagizwe mapema, siku moja kabla ikiwezekana. Kaa, samaki wa kupaka, wali wa nazi, ndimu nyingi. Ukiagiza umeshafika, utapikiwa pia, ila kuku atakuwa bado anakimbia.

Ondokeni kisiwani saa tisa na nusu, saa kumi ikizidi. Feri ya jioni haina huruma na wanaotoka Diani nao wanarudi.

Yule bibi alinipigia mwezi uliopita. Anataka kwenda tena, na mara hii na wajukuu. Siku ameichagua mwenyewe: mwezi wa nane, wa angani. Ameniambia tutashukia gatini, mashua iwe na ngazi, na biriani itapikwa kule kule.