Nürburgring: mbio zinazoamuliwa chini ya gari

Vijana wanaokuja gereji kwangu hapa Mwanga, Kigoma, wakianza ubishi wa mbio za magari, ubishi wote unaishia kwenye injini. Lipi lina nguvu, lipi linakimbia kuliko jingine. Mimi kazi yangu iko chini ya gari: shokapu, springi, bushi (zile raba za kwenye maungio), breki na matairi. Kwa macho ya kazi hiyo, uwanja wa mbio unaonivutia kuliko yote ni Nürburgring ya Ujerumani. Zisome mbio zake kubwa, utakuta mara kwa mara mwenye injini kubwa ameachwa nyuma na aliyefika akiwa bado na matairi.

Nikisema uwanja, usifikirie duara tambarare lenye majukwaa. Ni barabara iliyochongwa kwenye milima ya misitu ya Eifel, magharibi mwa Ujerumani, ikiizunguka ngome ya kale ya Nürburg. Ujenzi ulianza 1925 ili kuwapa kazi watu wa eneo lile, maana ajira zilikuwa hakuna. Konrad Adenauer, ambaye wakati huo alikuwa meya wa Cologne na baadaye akawa kansela wa Ujerumani Magharibi, alikuwa miongoni mwa walioupigia debe mradi huo. Ulifunguliwa Juni 1927, na mbio za kwanza za magari akashinda Rudolf Caracciola kwa Mercedes-Benz. (Kwa wapenda historia wa huku kwetu: ni mwaka uleule ambao meli ya Liemba ilianza tena safari katika Ziwa Tanganyika, baada ya Waingereza kuiopoa majini.)

Uwanja ulikuwa na mizunguko miwili: wa kusini wa kilomita 7.7, na wa kaskazini, Nordschleife, wa kilomita 22.8. Sifa zote zimebaki kwa huu wa kaskazini. Kona zake kila mtu anazihesabu kwa namna yake, lakini sijaona anayetaja chini ya 70. Kati ya sehemu ya chini kabisa na ya juu kabisa kuna tofauti ya karibu mita 300. Aliyewahi kuendesha kwenda Manyovu anaielewa hali hii: unapanda, unaingia kona usiyoona mwisho wake, ukija kustuka unateremka na breki zimeshaanza kunuka. Sasa fikiria hivyo kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa.

Nataka tusimame kidogo kwenye kona moja, Karussell. Ni kona ya kushoto inayogeuka zaidi ya nusu duara, na upande wa ndani ulikuwa na mtaro wa maji ya mvua. Caracciola ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuteremsha matairi ya kushoto ndani ya mtaro ule, ukuta wake ulioinama ukalishika gari lisitupwe nje. Wengine wakaiga, na baadaye mtaro ukawekewa mabamba ya zege ukawa ndiyo njia yenyewe. Gari likizama mle, springi zinabanwa mpaka karibu na mwisho wake. Hapohapo maungio ya zege yanaanza kugonga matairi, tak-tak-tak, kona nzima. Likichomoka upande wa pili, mzigo wote unaachia kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo unaona tofauti ya springi na shokapu, jambo ninalolieleza kila wiki. Springi inabeba gari. Shokapu inaizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kugongwa. Shokapu ikifa, gari bado linasimama vizuri kabisa ukilitazama limeegeshwa, lakini kwenye kona yenye mabonde tairi linakuwa hewani kwa vipande vya sekunde, na tairi lililo hewani halikati kona wala halifungi breki.

Tuje kwenye mbio. Julai 28, 1935, mashindano makuu (Grand Prix) ya Ujerumani. Mercedes na Auto Union, waliokuwa wakipewa fedha na serikali ya Hitler, waliingiza magari tisa. Muitaliano Tazio Nuvolari, mwenye umri wa miaka 42, alikuja na Alfa Romeo P3 iliyokwisha pitwa na wakati, ikizidiwa na Mercedes kama nguvu za farasi mia moja. Mambo yakamharibikia zaidi aliposimama kujaza mafuta: pampu ikagoma, mafundi wakalazimika kumimina kwa vyombo vya mkono, zikapotea dakika zaidi ya mbili. Akarudi barabarani akiwa wa sita, akaanza kuwapita mmoja mmoja mpaka akawa wa pili.

Mzunguko wa mwisho ulianza Manfred von Brauchitsch wa Mercedes akiongoza kwa takribani nusu dakika. Nguvu zote zile zilikuwa zinapita kwenye matairi membamba ya nyuma ya enzi zile. Kila akitoka kona na kukanyaga mafuta, matairi yalizunguka kwanza kabla ya kushika, na kila yalipozunguka raba iliondoka. Yalikuwa yamekwisha. Kusimama kubadilisha kungempotezea ushindi, akaendelea, na tairi likapasuka kilomita chache kabla ya kumaliza. Nuvolari akapita. Brauchitsch akajikokota mpaka mwisho na kuwa wa tano.

Nikiwasimulia vijana kisa hiki huwa kuna mmoja anauliza, "Sasa fundi, si angepunguza tu mwendo?" Mdogo wangu, nyuma yake alikuwapo Nuvolari.

Mbio za Agosti 4, 1957 ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu mle ndani kuna hesabu ya fundi. Juan Manuel Fangio wa Argentina, miaka 46, aliendesha Maserati 250F. Wapinzani wake walikuwa Waingereza wawili wa Ferrari, Mike Hawthorn na Peter Collins. Ferrari walichagua matairi magumu na tangi lililojaa, wamalize mizunguko yote 22 bila kusimama. Fangio akaanza na nusu tangi na matairi laini, akijua kwamba lazima asimame katikati.

Uzito wa mafuta si kitu cha kudharau. Hata petroli yetu ya kawaida, lita 100 ni kama kilo 75, yaani unabeba abiria mzima. Gari jepesi linamruhusu dereva kuchelewa kufunga breki kabla ya kona, linabadilika upesi kwenye kona za kushoto-kulia, na halisagi matairi. Ndiyo maana Fangio aliweza kutumia raba laini inayoshika zaidi. Alihitaji kupata akiba ya sekunde zinazozidi muda wa kusimama. Akapata karibu 30. Lakini mafundi wake walibabaika kwenye kubadilisha matairi ya nyuma, ikaenda karibu dakika nzima, na akarudi akiwa nyuma ya Ferrari kwa zaidi ya sekunde 45.

Kilichofuata sijaona mfano wake. Akavunja rekodi ya uwanja, akaivunja tena, na tena. Muda wake bora ulikuwa dakika 9 na sekunde 17.4, wakati siku ya kupanga nafasi yeye mwenyewe alikuwa amefanya 9:25.6. Katika mzunguko wa 21 aliwapita wote wawili, akashinda kwa sekunde 3 na kidogo. Ule ushindi ulimpa ubingwa wa dunia wa tano, na hakushinda tena mbio za Grand Prix.

Mwaka 1968 ikawa zamu ya mvua na ukungu. Jackie Stewart wa Uskochi, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa kwa kuumia kifundo, alishinda kwa zaidi ya dakika nne. Nne! Matairi yake ya Dunlop ya mvua yalikuwa na mifereji ya kutosha kuyatoa maji. Tairi kipara kwenye maji linapanda juu ya maji yenyewe, na dereva anabaki kushika usukani usioongoza kitu. Stewart huyuhuyu ndiye aliyeupa uwanja jina la "Jehanamu ya Kijani", na ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kudai usalama. Mwaka 1970 madereva waligoma, mbio zikahamia Hockenheim, na waliporudi 1971 walikuta baadhi ya matuta yamesawazishwa na vyuma vya kingo vimewekwa.

Hata hivyo hayakutosha. Agosti 1, 1976, Niki Lauda, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa wa kwanza kuzunguka chini ya dakika saba, alijaribu kuwashawishi wenzake wasishindane, wakakataa. Njia ilikuwa na maji mwanzoni, ikawa inakauka. Baada ya mzunguko mmoja Lauda akabadilisha matairi ya mvua kuweka ya kavu, na katika mzunguko uliofuata Ferrari yake ikaacha njia karibu na kona ya Bergwerk, ikagonga na kuwaka moto. Waliomtoa ni madereva wenzake: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Kwenye barabara ya kilomita 22.8 huwezi kuweka zimamoto kila kona, hilo ndilo lililoumaliza Nordschleife kwa Formula 1. Lauda alirudi kwenye usukani wiki sita baadaye kule Monza, akiwa na bendeji, akamaliza wa nne. Uwanja mpya mfupi ulijengwa pembeni na kufunguliwa 1984. Ni salama, na kwangu mimi hauna ladha.

Nordschleife yenyewe haijafa. Mbio za saa 24 zinafanyika pale tangu 1970, na Sabine Schmitz, binti aliyekulia jirani na uwanja, alizishinda 1996 na 1997 kwa BMW M3. Watengenezaji wa magari nao wanapeleka magari yao kuteswa pale kabla ya kuyauza.

Na hapa ndipo Toyota Altezza inapoingia. Mwaka 2007 Akio Toyoda, aliyekuja kuwa rais wa Toyota, alishiriki zile saa 24 kwa jina la Morizo, na timu yake ilienda na Altezza mbili za mitumba. Hizihizi tunazoziona Kigoma. Kwa hiyo kijana akiniletea Altezza yake nimkatie springi ili ishuke, huwa naliinua gari kwanza nimwonyeshe ile raba ndogo inayozuia mguu wa gari usigonge bodi. Springi ikikatwa, nafasi ya mguu kupanda inapungua, raba ile inagongwa kwenye kila shimo, na tairi linaruka badala ya kukanyaga. Kisha naingiza mtaimbo kwenye bushi za mbele aone zinavyocheza. Wengi wanaondoka wakiwa wamenunua bushi, na springi zao wanabaki nazo nzima.