Je, wajua kwa nini John Mugabi hakufika alikotarajiwa?

Zungumza ngumi na wazee wa Kampala, jina la John Mugabi halikawii kutajwa. Swali nalo hufuata palepale: bondia aliyeshinda mapambano yake 26 ya kwanza ya kulipwa, yote kwa nokauti, ilikuwaje akakaa na mkanda wa dunia kwa muda usiotimia hata miezi tisa?

Wengi hujibu kwamba alizembea. Mimi sikubali. Kilichomponza zaidi ni uzito aliopelekwa kupigania, tena wakati mbaya.

Mugabi alizaliwa Kampala mwaka 1960. Akiwa na miaka 20 alitwaa medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Moscow, fainali akishindwa na Mcuba Andrés Aldama. Mwaka huohuo akaingia ngumi za kulipwa, na haukupita muda akabandikwa jina la Mnyama. Uzito wake halisi ulikuwa ule unaokomea takriban kilo 70. Humo wapinzani walianguka mmoja baada ya mwingine, wengi mapema tu.

Lakini mkanda wa WBC, mojawapo ya taasisi zinazotoa ubingwa wa dunia, wa uzito huo ulikuwa kwa Mmarekani Thomas Hearns, na Hearns alikuwa akimtaka Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati, wa kilo 72.5. Huko ndiko kulikokuwa na fedha. Aprili 1985 Hearns akapanda uzito, Hagler akamtwanga raundi ya tatu. Aliyefuata kupelekwa kwa Hagler ni Mugabi.

Kilo mbili na nusu ni kitu gani? Kwa bondia ni nyingi mno. Konde ambalo kule chini lingemlaza mtu, huku juu anayelipokea analila na kuzidi kukufuata. Mkikumbatiana, unasukumana na mwili mzito kuliko uliouzoea, na pumzi inakwisha kidogo kidogo. Zile nokauti 26 nazo zilikuwa zimeficha jambo: anayemaliza kazi mapema hapati nafasi ya kujifunza kuipangilia pumzi yake hadi raundi ya 12.

Wakakutana Las Vegas tarehe 10 Machi 1986. Mugabi alirusha makonde mazito, Hagler akayala na kusonga mbele. Raundi ya sita walichapana bila kupeana nafasi, na tangu hapo nguvu za Mganda zikaanza kupungua. Raundi ya 11 akaenda chini, akabaki ameketi, mgongo kwenye kamba, huku refa Mills Lane akihesabu hadi kumi. Alikuwa na fahamu zake, ila mwili ulikuwa umekwisha. Hagler naye hakushinda tena pambano lolote: mwaka uliofuata alipoteza kwa Sugar Ray Leonard, akastaafu. Ndivyo usiku ule ulivyowagharimu wote wawili.

Baada ya hapo Mugabi akarudi kwenye uzito wake. Desemba 1986 aligombea mkanda ule ulioachwa na Hearns, akaumia jicho raundi ya tatu mbele ya Duane Thomas, pambano likasimamishwa. Alikuja kuupata Julai 1989, bingwa wa wakati huo, Mfaransa René Jacquot, alipoteguka kifundo cha mguu raundi ya kwanza. Machi 1990 Terry Norris akamlaza na kumnyang'anya, raundi ya kwanza vilevile.

Mlinganishe na Ayub Kalule, Mganda mwenzake wa uzito huohuo, bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mwaka 1974 kule Havana. Kalule alihamia Denmark, akapandishwa taratibu, na mwaka 1979 akamfuata Masashi Kudo kwao Japani na kumnyang'anya mkanda wa WBA, taasisi nyingine ya ubingwa wa dunia, kwa pointi, baada ya raundi 15 kamili. Akautetea mara nne. Alipokuja kushindwa na Leonard mwaka 1981, ni Leonard aliyepanda uzito kumfuata yeye.

Mugabi aliondoka ulingoni na ushindi 42, 39 kati yake kwa nokauti. Waliokuwa wakimsimamia wangemwacha kwenye kilo zake 70 mwaka mmoja tu zaidi, naona mkanda wa Hearns ungemkuta akiwa na miaka 26, hajapigwa na mtu, na hajala kipigo cha Hagler.