Kiwanja cha 20 kwa 30 ndani ya kijiko

Mama yangu mdogo anaishi Makorora, na kisima chake kimechimbwa kwenye jiwe la tumbawe kama vingi vya huku Tanga. Aliposikia kazi yangu ni kutoa metali kwenye maji, alicheka. "Mwanangu, si nachemsha?"

Kuchemsha kunaua vijidudu. Sumu kama metali ya risasi na aseniki hazifi: maji yakipungua kwa mvuke, zenyewe hubaki sufuriani, tena zimekolea zaidi. Na usitegemee macho. Shirika la Afya Duniani linashauri kila moja isizidi mikrogramu 10 kwa lita.

Mimi natumia magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma, katika chembe za nanomita 10 hivi. Nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Kwa nini ndogo hivyo? Chukua dadu la sentimita moja kila upande: uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Likatekate mpaka vidadu vya nanomita 10, ujumlishe nyuso zote: mita za mraba 600. Ni kile kiwanja cha 20 kwa 30 cha madalali wetu, kimeingia kwenye kijiko cha chai. Metali hainyimwi pa kunata.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda. Maji yanakuwa meusi kama wino wa ngisi. Unaweka sumaku ubavuni mwa jagi, na taratibu weusi wote unajikusanya pale, maji yanabaki meupe.

Kwenye maji yaliyokenekwa mambo yalininyookea. Nikachota ya mama mdogo, nikatia risasi kidogo mwenyewe, nikarudia. Aibu! Chumvi ilifanya chembe zishikane mabonge kama uji uliokorogwa vibaya, na kalisi ya matumbawe (ile inayoacha ganda jeupe kwenye birika) ikagombea nafasi na risasi. Sasa nazipaka asidi ya humiki, itokanayo na majani yaliyooza, na mabonge yamepungua.

Mama mdogo bado anauliza ndoo yake lini. Namwambia asubiri. Chembe zikishashiba naziosha kwa asidi hafifu ili nizitumie tena, na risasi yote inahamia kwenye asidi hiyo. Siwezi kuimwaga mtaroni iende baharini. Galoni lake liko chini ya meza yangu, nimeliandika SUMU kwa wino mwekundu, na linakaribia kujaa.