Kishimo Mgongoni mwa Kichanga: Kipimo Kipi, na Lini

Mama anamgeuza mtoto amwogeshe, anakuta kishimo juu ya matako, au kishungi cha nywele, au uvimbe laini chini ya ngozi. Akiuliza, huambiwa ni alama ya kuzaliwa tu. Mara nyingi ni kweli: kishimo kisichozidi upana wa milimita 5, kilicho ndani ya sentimita 2.5 kutoka njia ya haja kubwa, tena peke yake, hakihitaji kipimo. Kilicho juu zaidi, au kinachotoa majimaji, hicho tunakiogopa. Huenda ni mdomo wa mfereji unaofika kwenye utando wa uti wa mgongo (kamba ya neva ipitayo ndani ya mifupa ya mgongo), na vijidudu hupita humo humo. Kisichokolewe, hata kwa pamba.

Hapo tunaanza na ultrasaundi. Katika miezi mitatu ya mwanzo, sehemu ya nyuma ya pingili bado ni gegedu, yaani haijawa mfupa mgumu, kwa hiyo mawimbi ya sauti hupenya. Mtoto analazwa kifudifudi, anapakwa jeli ya vuguvugu. Hakuna sindano wala mionzi. Kwenye skrini uti huonekana mweusi, na ncha yake kwa kawaida huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo nyuzi za neva huchezacheza kufuata mapigo ya moyo. (Miaka yote hii, bado napenda kuzitazama.) Uti ulioshuka chini mno na kutulia tuli tunashuku umenaswa. Mtoto anavyorefuka nao unavutwa: mguu unadhoofika, au aliyekwisha kuacha kujikojolea anaanza tena.

Mifupa ikikomaa, ultrasaundi haioni kitu. Inabaki MRI, kipimo cha sumaku, yenye picha bora kuliko zote, ila mtoto lazima atulie, na mara nyingi hulazwa usingizi kwa dawa. Kichanga aliyenyonya akashiba hulala mwenyewe. Eksirei huonyesha mifupa tu. Ikitoka safi, uti bado haujaonekana.

Mgongo wazi, yaani mifupa ya mgongo isiyofunga juu ya uti, ni jambo jingine. Huo hutafutwa mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, wiki ya 18 hadi 22 ya ujauzito, na mara nyingi kichwa ndicho kinachousema kwanza: fuvu huchukua umbo la limau, ubongo wa nyuma hujikunja kama ndizi.

Basi ukipangiwa ultrasaundi ya mgongo wa kichanga miezi mitano mbele, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo, umtajie umri wa mtoto.