Cherehani ikae wapi nyumbani? Maswali na majibu kwa anayeshonea kwake

Wengi wanaoshonea nyumbani huweka cherehani pale palipobaki baada ya kitanda, makochi na kabati kupata nafasi yake. Macho, mgongo na kifua ndivyo hulipia uamuzi huo. Majibu haya yanamhusu anayeshona saa kadhaa kila siku, kwa cherehani ya miguu au ya umeme, katika nyumba za kawaida za Afrika Mashariki.

Nina stoo tupu ya futi nane kwa nane, na kona ya sebule iliyo karibu na dirisha. Nichukue ipi?

Kona ya sebule. Stoo inavutia kwa kuwa ina mlango wa kufunga na hakuna anayeigombania, ila haigombaniwi kwa sababu: haina mwanga na hewa haizunguki. Unapochagua, anza na mwanga, fuata hewa, halafu nafasi. Utulivu uje mwisho, maana watoto wa kelele unaweza kuwatuma nje, lakini dirisha huwezi kulihamisha.

Ipime kila sehemu kabla ya kuhamisha chochote. Saa nne asubuhi, taa zikiwa zimezimwa, kaa pale unapokusudia kuweka cherehani na ushike kitambaa cheusi kilichoshonwa kwa uzi mweusi, kiasi cha sentimita 40 kutoka machoni. Kama unaweza kuhesabu mishono mmoja mmoja bila kuinamisha shingo, mahali panafaa. Rudia saa kumi jioni, kwa sababu kuna kona zinazong'aa asubuhi tu.

Nafasi inayohitajika si kubwa. Meza ya cherehani ya miguu huchukua kama mita moja kwa nusu mita, na nyuma ya kiti bakiza angalau sentimita 80 ili uweze kuinuka bila kujipinda. Kinachokula nafasi ni kukata. Kitenge kina upana wa kama sentimita 115, kwa hiyo meza ya kukatia isipungue hapo kwa urefu. Kukatia sakafuni ukiwa umepiga magoti huumiza magoti na kiuno haraka kuliko kushona kwenyewe. Kama hakuna meza, tumia mlango wa zamani juu ya meza ya chakula, ilimradi ufike usawa wa nyonga zako, sentimita 85 hadi 95 kwa watu wengi.

Kibaraza nacho kinafaa mchana kama jua halikupigi na barabara ya vumbi haiko mbele yako. Tatizo lake ni jioni: kichwa cha cherehani ya chuma kina zaidi ya kilo 10, na kukibeba kila siku ukiwa umeinama ni njia ya uhakika ya kutegua mgongo. Kama hakuna wa kukusaidia, weka meza magurudumu yenye breki au baki ndani.

Dirisha liwe upande gani?

Upande wa kushoto wako, bila kujali unaandika kwa mkono upi. Itazame cherehani kwa mbele: nguzo yake iko kulia na sindano iko kushoto. Mwanga ukitoka kulia, nguzo hiyo inatupa kivuli mahali hasa sindano inapoingia kwenye kitambaa. Dirisha likiwa nyuma yako, kivuli ni cha kichwa chako. Likiwa mbele, macho yanajirekebisha kwa mwanga mkali wa nje na kitambaa kinaonekana cheusi. Baada ya saa moja unajikuta unakunja uso na kichwa kinagonga.

Kaa ndani ya mita moja kutoka dirishani. Mwanga wa mchana hupungua haraka kadiri unavyoingia ndani, na wavu wa mbu uliojaa vumbi hula sehemu kubwa ya ule uliobaki. Wavu huo uoshwe kila mwezi.

Kuhusu jua lenyewe: huku karibu na ikweta, madirisha ya mashariki hupigwa na jua asubuhi na ya magharibi huchomwa mchana hadi jioni. Ya kaskazini na kusini ndiyo yenye mwanga mtulivu. Kwa Dar es Salaam, jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari hivi, na muda mwingine wote huwa kaskazini. Hivyo dirisha la kusini ndilo linaloepuka jua kwa miezi mingi zaidi. Kama una la magharibi tu, pazia jeupe jepesi litasaidia.

Nikishona usiku macho yanawasha na kuuma. Yanaharibika?

Mwanga hafifu hauyaharibu macho, unayachosha. Fundi anayekodolea sindano hapepesi kope vya kutosha, macho yanakauka, ndipo kuwasha kunapoanza. Kila baada ya dakika 20 inua macho uangalie kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20.

Taa ya dari peke yake haitoshi. Ongeza taa ya meza yenye shingo ya kupinda na balbu ya LED ya wati 9 yenye mwanga mweupe, uiweke kushoto, sentimita 40 hivi kutoka sindanoni, chini ya usawa wa macho au ikiwa na kifuniko ili isikupige usoni. Umbali una maana kubwa: ukiusogeza mwanga uleule hadi nusu ya umbali wake, mahali unapoangaza panapata mwanga mara nne. Usizime taa ya dari, kwani macho huchoka yakihama kutoka duara linalong'aa kwenda chumba chenye giza. Balbu za bei ya chini sana nyingine huwaka na kuzimika harakaharaka bila jicho kutambua. Ielekeze kamera ya simu kwenye balbu, na ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo, tafuta nyingine.

Kama umevuka miaka 40 na unanyoosha mkono ndipo uone tundu la sindano, taa haitakutosha. Hiyo ni hali ya kawaida ya umri. Kapimwe macho upate miwani ya kusomea inayolingana na umbali unaoshonea.

Mgongo na mabega yananiuma, na kiti nimeshabadilisha. Nini kingine?

Angalia ulikokiweka kiti. Kosa la kawaida ni kukiweka katikati ya meza. Sindano haiko katikati ya meza, iko kushoto zaidi, kwa hiyo mwili unajipinda kidogo siku nzima na maumivu yanakaa upande mmoja wa kiuno. Sogeza kiti hadi kitovu chako kielekee sindano, tumbo likiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka ukingo wa meza.

Halafu pima urefu. Meza nyingi zina sentimita 75 au 76, na viti vya nyumbani sentimita 45. Kwa mwanamke wa kimo cha kawaida, viwiko vinaangukia sentimita 7 au 8 chini ya meza, naye anainua mabega bila kujua. Ongeza mto mgumu wa sponji hadi viwiko vilingane na meza. Cherehani ya miguu haileti shida hapo, kwani pedeli tayari iko juu ya sakafu. Kwa ya umeme, weka kibao cha sentimita 5 hadi 8 chini ya pedeli na kingine chini ya mguu wa pili, miguu isining'inie.

Viti vya plastiki vimelala nyuma. Vinafaa kupumzikia, ila fundi huegemea mbele, kwa hiyo anapigana na kiti. Khanga iliyokunjwa chini ya makalio, nene kwa nyuma na nyembamba kwa mbele, inarekebisha hilo bila gharama.

Pasi ya umeme iweke hatua mbili tatu mbali, usiweze kuifikia ukiwa umekaa. Inakulazimisha kuinuka, na kuinuka kila nusu saa kunausaidia mgongo kuliko kiti chochote cha bei. Mjamzito ana sababu zaidi: kukaa muda mrefu huvimbisha miguu.

Natumia pasi ya mkaa ndani, dirisha likiwa wazi. Kuna hatari?

Ipo, na hapa tunasema bila kuzunguka: pasi ya mkaa haina mahali ndani ya chumba cha kushonea. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika damu mahali palipostahili kushikwa na oksijeni. Wengi husubiri mkaa ukolee moshi uishe ndipo waingize pasi ndani, wakidhani hatari imepita. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unaitoa. Dirisha moja lililo wazi hupunguza gesi, haliiondoi, hasa siku isiyo na upepo.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu, ndiyo maana watu huzidhania malaria au uchovu. Kinachotofautisha ni kwamba unapata nafuu ukitoka nje, na pengine wote waliomo chumbani wanaumwa pamoja. Mtoto mchanga na mimba viko hatarini zaidi. Mtu akizidiwa, mtoe nje kwenye hewa mara moja na umpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu.

Piga pasi kibarazani au uani. Ukimaliza, iache hukohuko juu ya tofali hadi ipoe kabisa. Usiiingize ndani "ipumzike" usiku.

Na umeme?

Cherehani ya umeme ya nyumbani hutumia kama wati 100 tu. Pasi hutumia wati 1,000 hadi zaidi ya 2,000. Kwa hiyo pasi iingie moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyembamba, hasa ikiwa imekunjwa au imepitishwa chini ya zulia, hupata moto na kuyeyuka. Umeme ukikatika, chomoa pasi hapohapo. Umeme hurudi watu wakiwa wamelala au wametoka, na pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa huanzisha moto.

Tuna chumba kimoja cha kupanga: tunalala, tunashona, na mtoto ana pumu.

Hapo huchagui chumba, unachagua upande. Cherehani ikae dirishani, kitanda ukuta wa mbali. Kata na uchane nguo nje, kwani vumbi la pamba hutoka zaidi kwenye kukata kuliko kwenye kushona. Usifagie kwa ufagio mkavu. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kila jioni, mtoto akiwa nje, na uchote vumbi lililojaa chini ya bamba la sindano kwa brashi. Usilipulize kwa mdomo, litaishia usoni na hewani. Vipande na mabaki vikae kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kitambaa kipya kinachonukia dawa na kuchoma macho, hasa kile kisichokunjamana, huenda kimetiwa dawa yenye formaldihaidi. Kifue kabla ya kukata. Kama mteja hataki kifuliwe, kitundike nje siku nzima kwanza.

Mitumba ya kurekebisha je?

Isilale chumbani kabla ya kufuliwa. Maji ya moto ya nyuzi 50 au zaidi huua wadudu wa upele. Isiyovumilia maji ya moto ifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa siku zisizopungua 3. Chawa wa nguo hujificha kwenye mishono, basi pitisha pasi ya moto hapo.

Mbu wananiuma miguu mchana chini ya meza.

Huyo ni mbu wa Aedes, anayeuma mchana na kupenda kivuli, na ndiye anayeeneza dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Chini ya meza ya cherehani ni giza na miguu imetulia, hasa ya anayetumia umeme. Vaa soksi au suruali ndefu, ondoa mafurushi ya nguo chini ya meza, na mwaga maji kwenye sahani za maua na makopo yaliyo karibu na dirisha.

Watoto wadogo wasifikie nini?

Gurudumu, pini, mkasi na mafuta ya mashine. Ukimaliza kazi na cherehani ya miguu, vua mkanda kutoka kwenye gurudumu. Mtoto akikanyaga pedeli, sindano haitatembea. Pini zikae kwenye kopo la mfuniko, na kila jioni pitisha sumaku sakafuni. Ya spika mbovu inatosha.

Mtoto akimeza pini, usimtapishe wala kumshindilia ndizi au ugali "ili ishuke". Mpeleke hospitali akapigwe eksirei. Akinywa mafuta ya mashine pia usimtapishe, kwani yakiingia mapafuni ndipo yanapodhuru zaidi. Mafuta yasihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda.

Sindano ikitoboa kidole?

Usikivute. Zima umeme, kisha zungusha gurudumu kwa mkono taratibu hadi sindano ipande na kutoka. Acha damu itoke kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kadhaa. Kama sindano imevunjika, kusanya vipande mezani uviunganishe; ncha ikikosekana huenda imebaki ndani, na inahitaji eksirei. Ulizia chanjo ya pepopunda kama imepita miaka 5 tangu uchanjwe au hukumbuki. Na kwa kuwa mkono mmoja unaweza kunaswa, swichi ya ukutani iwe mahali ambapo mkono wa pili unaifikia ukiwa umekaa. Jaribu hilo siku unayoipanga meza, kwa mkono wa kulia kisha wa kushoto.