Pikapu iliyotumika: anza kuikagua kwa nyuma

Wanunuzi wengi huanzia mbele. Wanafungua boneti, wanasikiliza injini, wanasoma kilomita kwenye dashibodi. Mimi naanzia nyuma, kwa sababu kilomita zinaweza kurudishwa, lakini mzigo gari lilioubeba huacha alama kwenye chuma, na alama hiyo haifutiki. Pikapu yenye kilomita 250,000 iliyokuwa ikibeba watu wawili na vifaa vichache ni afadhali kuliko ya 120,000 iliyobebeshwa kokoto kila siku.

Isimamishe mahali tambarare, bila mzigo, uitazame kwa ubavu. Nyuma inatakiwa iwe juu kidogo kuliko mbele. Ikiwa imelala sawa au imekaa chini, springi zimechoka. Inama uhesabu vipande vya springi pande zote mbili. Kipande kinene chenye rangi au kutu tofauti na wenzake kiliongezwa baadaye, na hakuna anayeongeza springi kwa ajili ya kubeba godoro.

Kisha tazama nafasi iliyo kati ya kabini na bodi ya kubebea mizigo. Inatakiwa ilingane kuanzia chini hadi juu. Ikiwa juu ni pana kuliko chini, huenda chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, imepinda nyuma ya kabini. Angalia kwanza kama bushi na bolti za kushikia kabini na bodi ni nzima, kwani nazo zikichakaa nafasi hiyo hubadilika. Zikiwa nzima, ingia chini utafute mkunjo kwenye reli za chesi.

Ukiwa huko chini, beba nyundo ndogo na tochi. Gongagonga chesi hasa juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhikia, maana tope hukaa ndani ya reli na kula chuma kutokea ndani. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu na kumeguka magamba. Nina shaka kila ninapoona rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu. Tatizo hili si la magari ya bei rahisi tu: huko Marekani, Toyota ililazimika kubadilisha chesi za pikapu nyingi za Tacoma kwa sababu ya kutu. Chesi ikishatoboka, ushauri wangu ni mmoja: acha gari hilo. Kiraka cha kuchomelea kinaficha tundu, wakati chuma kilichokizunguka kinaendelea kuliwa.

Sasa injini. Omba uikute ya baridi. Ukifika ukakuta imeshapashwa moto, rudi siku nyingine. Kwenye dizeli za nozeli (vipulizia mafuta) za umeme, sikiliza dakika ya kwanza baada ya kuwaka. Mlio wa "chufu, chufu" unaofuata mapigo ya injini kisha kupotea inapopata joto, mara nyingi hutoka kwenye washa za shaba, yaani pete ndogo za kuzuia uvujaji, zilizo chini ya nozeli. Hapa nasisitiza, kwa sababu washa hizo ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye injini, na zinaua injini nzima. Zikivuja, gesi ya moto hupanda hadi chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) na kuipika oili iliyopo hapo hadi iwe masizi mazito. Masizi hushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la waya ambalo pampu ya oili hunyonyea. Presha ya oili inapungua. Beringi za turbo na za kamshafti huteseka kwanza, kisha zile za krenki. Injini ya 1KD-FTV ya Toyota Hilux inajulikana sana kwa ugonjwa huu. Fungua kifuniko cha kumiminia oili, umulike ndani kwa tochi. Utando wa kahawia ni wa kawaida. Ukoko mweusi mkavu unaobanduka kwa kucha unamaanisha sampu ishushwe na chujio lisafishwe kabla ya safari yoyote ndefu.

Injini ikinguruma bila kukanyagwa, geuza kifuniko hicho juu chini, ukiweke juu ya tundu lake. Kikitikisika kidogo ni sawa. Kikirushwa, na moshi ukatoka kwa kusukumwa, pistoni na ringi zimelika, au washa za nozeli zinavuja.

Nozeli zenyewe hupimwa kwa mafuta yanayorudi. Fundi huchomoa mipira ya kurudishia, kila mmoja anauingiza kwenye chupa yake, anawasha injini dakika 1 au 2, kisha analinganisha. Chupa moja ikijaa mara mbili ya wenzake, nozeli ya hapo imelika kwa ndani. Kununua nozeli 4 mpya kunaweza kumeza sehemu kubwa ya bei ya gari kuukuu, kwa hiyo kipimo hiki kifanyike kabla ya kulipa.

Kwa pikapu ya giaboksi ya otomatiki, fungua rejeta injini ikiwa baridi. Kulanti (maji ya kupozea injini) ikiwa na rangi ya maziwa ya waridi, kipozeo cha oili kilichomo ndani ya rejeta kimepasuka, na maji yameshaingia kwenye giaboksi. Nissan Frontier za 2005 hadi 2010 zina historia ya hitilafu hiyo.

Barabarani, mguno unaobadilika ukikata kona ni wa beringi ya gurudumu. Unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta ni wa difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli. Mtetemo wakati wa kuondoka na mzigo hutoka kwenye senta beringi ya propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) au kwenye kros, viungo vyake. Jaribu 4x4 kwenye changarawe au udongo, si kwenye lami kavu.

Ukishanunua, tenga asilimia 10 hadi 15 ya bei uliyolipa kwa ajili ya miezi ya mwanzo. Badilisha vimiminika vyote bila kuamini kitabu cha muuzaji: oili ya injini, kwa kawaida lita 6 hadi 8, ya giaboksi, transfa (giaboksi ya 4x4) na difu zote, kulanti, breki, pamoja na filta ya dizeli. Kama injini ina taimingi belti na hakuna ushahidi wa lini ilibadilishwa, ihesabu kuwa imeshakwisha muda.

Tairi zisome namba ya uzito: 112 maana yake kilo 1,120 kwa kila tairi. Tairi za gari dogo ni za bei rahisi, ila chini ya mzigo hupata moto na kupasuka.

Klachi ikifika zamu yake, badilisha pleti, presha pleti na beringi yake kwa pamoja, na flaiwili ikaguliwe hapo hapo. Kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na hakuna sababu ya kulipia kazi hiyo mara mbili.