Gramu za unga ni vikombe vingapi?

Gramu 250 za unga wa ngano haziingii kwenye kikombe cha mililita 250. Zinahitaji vikombe karibu viwili. Asali ya uzito huohuo haifikishi hata robo tatu ya kikombe hichohicho.

Gramu hupima uzito. Mililita hupima ujazo, yaani nafasi ambayo kitu kinachukua. Kwa maji vipimo hivi hulingana, gramu moja kwa mililita moja, na maziwa hayako mbali. Viungo vingine kila kimoja kina densiti yake, yaani gramu zinazoenea katika mililita moja: unga wa ngano takriban 0.52, kakao 0.36, sukari nyeupe 0.85, mafuta ya kupikia 0.92, siagi 0.95, asali 1.42. Ndiyo maana swali la "kikombe kimoja ni gramu ngapi?" halijibiki mpaka kitajwe kikombe cha nini.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gawanya gramu kwa densiti upate mililita, kisha gawanya mililita kwa ujazo wa kikombe chako. Unga gramu 300: 300 ÷ 0.52 ni mililita 577, sawa na vikombe viwili na theluthi vya mililita 250. Sukari gramu 150 ni mililita 176: theluthi mbili za kikombe, na vijiko viwili vya chai juu yake.

Lakini kikombe gani? Cha Marekani ni karibu mililita 237, cha Australia ni 250. Kijiko cha chai ni mililita 5 kotekote, ila kijiko cha chakula ni 15 kwa wengi na 20 kwa Waaustralia. Kikombe cha kunywea chai si kipimo mpaka ukipime: mimina maji ya chupa ya mililita 500, na kama yanajaza vikombe viwili kamili, unacho cha 250.

Penye matatizo hasa ni unga, kwa sababu unashindilika. Ukichovya kikombe ndani ya mfuko wa unga na kukikandamiza kwenye ubavu wa mfuko, kinaweza kubeba gramu 155 badala ya 130. Kwa vikombe vitatu umezidisha gramu 75, na keki itatoka kavu, yenye kupasuka juu, huku lawama ikiangukia oveni. Tifua unga kwanza kwa uma, uchote kwa kijiko ukiudondosha kikombeni, usigonge kikombe mezani, halafu sawazisha kwa mgongo wa kisu. Soma pia mpangilio wa maneno: "kikombe kimoja cha unga uliochekechwa" hupimwa baada ya kuchekecha, wakati "kikombe kimoja cha unga, uchekeche" hupimwa kabla. Unga uliochekechwa una hewa zaidi, kwa hiyo ni mwepesi.

Sukari ya kahawia ni kinyume chake: hiyo hushindiliwa mpaka ikipinduliwa ibaki na umbo la kikombe. Asali hung'ang'ania, basi paka kikombe mafuta kabla. Siagi ngumu huacha mianya ya hewa. Weka mililita 125 za maji baridi kwenye jagi lenye alama, tumbukiza vipande vya siagi ukivizamisha vyote hadi maji yafike 250, kisha mwaga maji. Umebaki na nusu kikombe cha siagi, karibu gramu 119.

Kwa viungo vya kiasi kidogo mizani yenyewe hupoteza sifa. Kijiko cha chai cha hamira ya chengachenga ni kama gramu 3, na mizani ya jikoni inayosoma gramu nzimanzima inaweza kukosea kwa theluthi hapo. Tumia kijiko. Chumvi laini ni gramu 6 kwa kijiko cha chai, lakini ya mawe, kutegemea ukubwa wa chembe zake, inaweza kushuka hadi nusu ya hapo.